Muziki wa betri zinazokufa: wasikilizaji wa vepawevu na ambienti mliopo Dar, tukutane hapa

KonaYaBuguruni (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Najua uzi huu utapata wachangiaji wanne na mmoja wao atakuwa amekosea jukwaa, ila acha niuweke hivyohivyo.

Mimi ni mtunza stoo, zamu ya usiku, kwenye godauni moja huku Barabara ya Nyerere. Kuanzia saa sita hadi saa kumi alfajiri hakuna lori linaloingia. Ninabaki mimi, mlinzi wa getini, paka wawili na feni inayolia. Miaka miwili iliyopita YouTube ikaniletea video yenye picha ya sanamu la kichwa cha kizungu cha kale, rangi ya waridi kila mahali, na maandishi ya Kijapani. Nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke imeburuzwa mpaka imekuwa ya mwanaume, ngoma zinadondoka mojamoja kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikajua bando linaisha. Nikaangalia salio, lipo.

Kumbe ndivyo wimbo ulivyo. Ile ilikuwa albamu ya *Floral Shoppe* ya mwaka 2011, imetoka kwa jina la Macintosh Plus, ambalo ni moja ya majina ya Ramona Xavier wa Marekani, maarufu kama Vektroid. Ule wimbo niliokutana nao ni wa Diana Ross wa mwaka 1984, umekatwa vipande, umepunguzwa kasi, umerudishwarudishwa mpaka umekuwa kitu kingine. Huo muziki unaandikwa vaporwave, sisi wawili watatu tunaousikiliza tunauita vepawevu na tumeshazoea.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Usiku ule sikulala hata nilipofika nyumbani, maana sauti ile nilikuwa naijua. Mjomba wangu alikuwa na redio kaseti ya betri kubwa sita. Umeme ulikuwepo nyumba ya jirani, kwetu haukuwepo. Betri zikianza kufa, Marijani Rajabu alikuwa anashuka taratibu, anakuwa mzee, anakuwa mzee mwenye mafua, halafu gitaa la solo linalegea kama kamba ya nguo iliyolowa. Mjomba hakuzima. Aliacha mpaka mwisho kabisa, pale ambapo wimbo unakuwa mlio mmoja tu wa chini, *mmmmm*, kisha kimya. Kesho yake asubuhi betri zinaanikwa juu ya bati. Mchana zimepata joto, tunavuna nyimbo mbili, tatu tukibahatika.

Nilipokuja kusikia nyimbo zilezile kwenye CD nikiwa mkubwa, niliona wamezikimbiza. Nilijiona nimeibiwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni muziki wa watoto wa kizungu wenye kompyuta, namwelewa, ila masikio yangu yalishaujua kabla wao hawajaupa jina. Nani mwingine yupo? Mnasikiliza wapi, saa ngapi?

Mtoto_wa_Tandale

Mkuu, tuko mji wa singeli, midundo mia mbili na ushee kwa dakika, halafu wewe unatafuta wimbo unaotembea kwa magongo? Kama shida ni usingizi kameze piritoni.

dada_wa_Mbezi

Kaka Kona, nipo. Ila mimi vepawevu sikuanza nayo, nilianzia upande wa ambienti, ule muziki wa polepole unaokaa nyuma tu, na sababu ni foleni.

Natoka Mbezi kwenda Posta kila siku. Mwendokasi ukiupata umesimama, kwapa la mtu liko hapa, begi la mtu liko pale. Nilikuwa nasikiliza bongofleva, nikawa nafika ofisini nimechoka mara mbili. Mfanyakazi mwenzangu akanipa *Music for Airports* ya Brian Eno, ya mwaka 1978. Siku ya kwanza nilikasirika. Piano inagonga noti tatu, inanyamaza, unasubiri mtu aimbe, haimbi mtu. Siku ya nne ndiyo nikagundua tumefika Kimara na sijamtukana mtu moyoni.

Eno ndiye aliyeupa muziki huu jina la ambienti. Anasimulia kwamba mwaka 1975 alipata ajali ya gari, akawa amelala kitandani hawezi kunyanyuka. Rafiki yake akamletea sahani ya santuri ya kinubi, ikawekwa, rafiki akaondoka. Sauti ilikuwa chini mno na spika moja imekufa, na nje mvua inanyesha. Hakuweza kwenda kuongeza. Akalala hivyo, kinubi kinasikika nusu, mvua nusu, akaona hivyo ndivyo muziki unavyoweza kuwa: sehemu ya chumba, kama mwanga wa dirishani.

Kuna kipande kwenye hiyo albamu kina sauti za watu wakiimba "aaa" tu. Kila noti imerekodiwa kwenye kitanzi chake cha utepe, yaani kipande kilichounganishwa ncha zake kizunguke bila mwisho. Kimoja kinajirudia kila baada ya sekunde 23 na nusu, kingine karibu sekunde 26, kingine karibu 30, na vinaachwa vizunguke tu. Mimi najielezea hivi: chukua daladala tatu za njia tofauti, kila moja na muda wake wa mzunguko. Leo zinakutana zote tatu pale Ubungo kwa pamoja. Kukutana tena vilevile, labda wajukuu wako waone.

Tahadhari moja: usijaribu kwenye daladala la kawaida. Konda akipiga bodi "twende!" inaingia katikati ya kitanzi cha pili na siku nzima imeharibika.

Kiroboto

Hizo sauti zikipunguzwa ndipo zinatoa maneno ya kuzimu. Nawaonya kwa upendo. Kuna mchungaji alishalifundisha hili.

KonaYaBuguruni

> Kiroboto: Hizo sauti zikipunguzwa ndipo zinatoa maneno ya kuzimu

Basi betri za mjomba zilikuwa na mapepo sita.

Mzee_Magomeni_Mapipa

Vijana, nimesoma yote, nimecheka, na sasa nawajibu.

Mnaimba sifa za ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini bidhaa zilikuwa adimu mji huu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, betri mpaka ujuane na mwenye duka akutolee chini ya meza. Hatukuanika betri juani kwa sababu tulipenda wimbo uende polepole. Tulianika kwa sababu hatukuwa na nyingine. Na wimbo ulipoanza kuburuza, kwangu mimi ilikuwa ni aibu, hasa kama kuna mgeni sebuleni. Mke wangu alikuwa anajifanya anakohoa ili nizime.

Wale wanamuziki walikwenda studio ya Radio Tanzania wakapiga bendi nzima, ukikosea tarumbeta wote mnarudia. Walijua wanataka kasi gani. Leo unachukua Sikinde unaipunguza iwe kama mgonjwa anatoka wodini, unasema unaikumbuka. Unakumbuka nini? Unakumbuka ufukara wetu, na haukuwa wako, ulikuwa wetu.

Hiyo ya kinubi na mvua aliyoileta binti wa Mbezi, hiyo nimeielewa.

KonaYaBuguruni

Shikamoo mzee. Nimekaa na maneno yako tangu jioni.

Sitabisha kwamba ulikuwa ufukara. Ila mimi nilikuwa na miaka saba, sikujua kama ni ufukara, nilijua ndiyo sauti ya jioni. Mjomba alikuwa anajua, ndiyo maana aliacha ipige mpaka ife, nadhani alikuwa hataki kuonekana anahangaika. Sasa ni marehemu, siwezi kumuuliza. Sisemi wimbo ulipaswa kuwa hivyo. Nasema hivyo ndivyo ulivyonifikia.

Mzee_Magomeni_Mapipa

Marahaba. Mungu amrehemu mjomba wako. Ila Sikinde muiache.

Fundi_Gerezani

Hapa naona watu wanaongea betri, acha fundi aseme kidogo.

Kaseti, tangu Philips walipoileta 1963, utepe wake unatakiwa kutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, pungufu kidogo ya vidole vitatu. Ndani ya mota kuna kitu cha kushikilia mwendo usibadilike. Betri sita mpya ni volti tisa. Zikishuka, mota bado inajitahidi kushikilia, ndiyo maana kwa muda mrefu husikii tofauti. Zikipita chini ya kiwango mota inakata tamaa, na hapo mwendo unaanza kushuka na sauti inakuwa nzito pamoja nao. Kompyuta inaweza kupunguza kasi bila kushusha sauti, mota haiwezi, vinashuka vyote kama ndoo na kamba yake. Vepawevu ya kweli inafuata mota.

Anayetaka kujaribu nyumbani, chukua programu ya Audacity, ni ya bure, tafuta sehemu ya kubadili kasi, usiguse ile ya kubadili tempo peke yake. Weka 0.74 ya kasi ya kawaida. Hiyo ni sawasawa na kuchukua santuri ya mizunguko 45 ukaipiga kwa 33, sauti inashuka kama nusu-toni tano. Ongeza mwangwi kidogo. Kidogo! Watu wanamimina mwangwi mpaka wimbo unakuwa umepigwa ndani ya simtanki.

Kingine. Kaseti na kanda za zamani zinakufa kweli, siyo mfano. Naletewa kanda za harusi, za mawaidha, za marehemu wakitoa wosia. Ukizipiga, hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, inajaa unga wa kahawia. Huo unga ndio sauti yenyewe, imebanduka kwenye plastiki. Nafuta kwa pamba na spiriti, naendelea, na kila ninapofuta najua nimefuta neno la mtu. Kuna Mmarekani anaitwa William Basinski, mwaka 2001 alikuwa anahamishia kwenye kompyuta vitanzi vya utepe alivyorekodi miaka ya themanini, vikaanza kubanduka vikiwa vinazunguka. Hakuzima. Aliacha kila mzunguko upoteze kidogo, akatoa kama albamu, *The Disintegration Loops*. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilisimama nikafungua mashine yangu kuangalia hedi. Mazoea ya kazi.

Chogo_wa_Keko

Swali dogo, huu si wizi? Wimbo wa mtu unaupunguza, unaupa jina la Kijapani, unaweka lako juu.

Fundi_Gerezani

Kisheria wengi wao hawana pa kujificha, ukweli ndio huo. Daniel Lopatin alipotoa *Eccojams* mwaka 2010, iliyowafungulia wengine njia, alitumia jina la bandia la Chuck Person na akatengeneza kaseti mia moja tu. Kaseti mia moja hata mwenye wimbo hasikii. Na kabla yao alikuwepo DJ Screw kule Houston, miaka ya tisini, akipunguza kasi ya rapu na kuuza kanda zake, akafariki 2000. Wazungu wa kompyuta walikuta mtaa umeshalimwa.

PantoniYaSaaKumi

Mimi nina ugomvi tofauti. Nusu ya vepawevu ni kukumbuka matangazo ya televisheni ya miaka ya themanini na maduka makubwa ya ghorofa. Kuna tawi lake zima ambalo ni muziki wa madukani tu, na mwangwi wa korido, na nyayo za watu, unakaa saa nzima unasikiliza duka tupu.

Wakuu, mwaka 1985 Dar hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi Bara tumeanza 1994. Mlimani City imefunguliwa 2006. Mimi nikisikiliza zile kazi namkumbuka nani? Nakumbuka utoto wa Mjapani nisiyemjua. Na bado natokwa na machozi, hapo ndipo ninapojishangaa.

Kwa hiyo nimeanza kurekodi vya kwetu. Nina simu tu, na soksi nimeivisha maikrofoni upepo usipige. Navuka Magogoni kwenda Kigamboni kabla hakujakucha. Kuna dakika moja, pantoni limeshaachia lakini injini haijapanda, watu wote wamenyamaza kwa sababu ya usingizi, minyororo ya lango inagongana polepole, na upande wa Feri unasikia wauza samaki wanaanza kunadi, kwa mbali, huelewi hata neno moja. Nikifika nyumbani naipunguza mpaka asilimia themanini. Zile sauti za mnada zinakuwa kama kwaya.

Ya kwetu iko redioni na mtaani. Ngoma ya kabla ya taarifa ya habari. Yule mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo, "habari ziwafikie…" na majina ya vijiji kumi. Salamu za wagonjwa. Hayo ukiyaburuza, niambie nani atabaki amekaa sawa.

dada_wa_Mbezi

Matangazo ya vifo usiburuze, tafadhali. Bibi yangu alisomwa pale.

PantoniYaSaaKumi

Samahani dada. Sijaburuza, nilikuwa nawaza tu. Nayaacha.

binti_Tandika

Sikuwa na mpango wa kuandika, nasomaga tu.

Nyumbani tuna bibi, mama yake baba, kumbukumbu zimeondoka kama miaka mitatu sasa. Ananiita kwa jina la dada yake. Kuna mstari mmoja wa wimbo wa zamani anaurudia kutwa, maneno matano tu, la sita halipati, anarudi mwanzo. Baba alikuwa anamwambia "mama, basi," tumeshaacha kumwambia.

Mtu akanielekeza kwenye *Everywhere at the End of Time* ya The Caretaker. Ni Mwingereza, jina lake Leyland Kirby, aliitoa kwa sehemu sita kuanzia 2016 hadi 2019, jumla kama saa sita na nusu. Anachukua santuri za dansi za zamani, za ukumbini, na kila sehemu inavyokuja zinachakaa zaidi, zinachanganyika, mpaka hujui ulikuwa wimbo gani. Ni ugonjwa wa kusahau, kaufanya muziki.

Nimesikiliza sehemu mbili. Ya tatu niliianza nikazima, kwa sababu bibi alikuwa chumba cha pili akiimba ule mstari wake, na vilikuwa vinalingana.

Sina swali. Nilitaka tu kusema nimeisikia.

KonaYaBuguruni

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Mpe bibi shikamoo yetu, hata kama atampokelea dada yake.

Kiroboto

Nimesikiliza ile ya uwanja wa ndege. Sijasikia maneno yoyote ya kuzimu, sijasikia maneno kabisa. Nilipitiwa na usingizi nikakosa mkesha.

Mtoto_wa_Tandale

Narudi kwa heshima. Nilikuja kuwatania, nikaenda kufikiri.

Nina jamaa wanaotengeneza singeli, nimeshinda kwao sana. Mnajua singeli ilivyoanza? Mtu anachukua taarabu, kile kipande cha katikati ambacho kinanda kinacheza peke yake na mwimbaji amenyamaza, anakikata, anakirudiarudia, anakipandisha kasi mpaka kinalia kama nyuki, MC anapanda juu yake. Ndiyo hiyohiyo sasa! Wale wanakata, wanarudia, wanashusha. Sisi tunakata, tunarudia, tunapandisha. Kompyuta yenyewe ni ileile ya mitumba. Tofauti mmoja kapeleka kasi juu, mwingine chini. Na sisi hatukuhitaji sanamu la kichwa.

Kwa hiyo kaka Kona, umeme ukirudi kwenu, chukua singeli ya zamani, zile za mwanzo, uishushe. Usiishie 0.74, endelea kushuka mpaka uone kinatokea nini.

KonaYaBuguruni

Wakuu, nimefanya. Leo sina zamu.

Nilichukua singeli moja niliyonayo kwenye flashi, sijui hata nani kaitengeneza, ilipita mtaani kwenye vigodoro miaka hiyo. 0.74, bado ni singeli ya mtu mgonjwa. 0.6, MC amekuwa mzee wa baraza. Nilipofika karibu na nusu, MC haeleweki tena, ni ngurumo tu huko nyuma, ila kinanda kikajitokeza kizima. Kikakaa sawa. Vidole vya yule mpigaji unavisikia kimoja kimoja, na pale anapoteleza kidogo kabla ya kurudi mwanzo, panasikika. Alipiga mara moja hiyo, siku moja, ukumbi fulani, halafu akapandishwa kasi bila kuulizwa, na leo nimemteremsha.

Nilikuwa nimeweka spika ndogo, siyo hedifoni. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Akauliza, "Nani kaweka taarabu?" Nikamwambia mimi. Akanyamaza kidogo, ungo nao ukanyamaza. Halafu akaanza kuimba. Maneno ambayo kwenye faili langu hayapo kabisa, yalikatwa na mtu wa singeli, yeye anayo yote, ubeti mpaka kiitikio, na aliingia palepale mwimbaji alipotakiwa kuingia.

Kilipofika mwisho wa kitanzi kikaruka kurudi mwanzo, yeye akaendelea mbele. Akaniambia mashine yangu mbovu, inarukaruka, nimpelekee fundi.

Fundi_Gerezani

Mlete mama, si mashine. Namrekodi bure.

Mzee_Magomeni_Mapipa

Weka hilo faili hapa. Na useme ni wimbo gani, mimi taarabu nazijua.

KonaYaBuguruni

Mzee, mama kagoma kulitaja jina. Anasema niliyeharibu nijitafutie. Napandisha faili sasa hivi, bando likiruhusu.